Njooni Mkae Pamoja: Mawazo ya Maendeleo Yalivyopita Ugogoni

Barabara ya Dodoma kwenda Morogoro ina jambo ambalo abiria wengi hawalioni kwa sababu ya usingizi. Ukishaiacha Ihumwa unafika Chamwino, kijiji ambacho Mwalimu Julius Nyerere alipiga kambi mwanzoni mwa miaka ya 1970 akifyatua matofali na wanakijiji. Mbele kidogo ni Chinangali, ambako mwaka 2023 serikali ilizindua mashamba makubwa ya vijana. Ukifika Mbande ukachepuka, unaingia Kongwa, ambako Waingereza walishusha matrekta mwaka 1947 ili walime karanga. Safari nzima haifiki kilomita mia moja, lakini ndani yake kuna karibu miaka themanini ya wageni na wakubwa kuja Ugogoni, nchi ya Wagogo, kueleza namna watu wa huku watakavyoendelea.

Historia ya mawazo ya maendeleo katika nchi zilizopata uhuru huwa inasimuliwa kama mambo ya Washington, London, Accra na Delhi, watu wa suti wakibishana mezani. Huku kwetu ilikuja kwa lori. Na mabishano yake hayajaisha vijiweni. Mmoja atakwambia Ujamaa ndio uliotufilisi. Mwenzake atajibu kwamba Mwalimu alikuwa sahihi, ila waliokuwa chini yake walimwangusha. Wa tatu atashusha kikombe cha kahawa na kuwatupia lawama wazungu. Wote watatu wana hoja, lakini wanachanganya mambo ambayo hayakuzaliwa mwaka mmoja wala hayakuwa na baba mmoja.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenda, kuendelea, maendeleo: lina miguu ndani yake. Na kwa Mgogo wa zamani mwenye ng'ombe, kwenda ndiko kulikomwokoa. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, inaanza Desemba na kukatika Aprili. Hizo ni za wastani, na wastani unadanganya, kwa sababu inaweza kunyesha upande huu wa kilima, wa upande wa pili wakabaki wanatazama mawingu. Ukiweka mali yako yote mahali pamoja, mwaka mmoja mbaya unakumaliza. Kwa hiyo mtu alitawanya: ng'ombe wengine kwa shemeji, wengine kwa rafiki wa mbali, shamba la uwele hapa, la mtama kule bondeni, na tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa, mbali na tembe la mwenzake ili mifugo isigombanie malisho. Bibi yangu, aliyezaliwa kwenye tembe la namna hiyo, alikuwa akisema jirani mzuri ni yule unayeuona moshi wake lakini kikohozi chake hukisikii.

Sisemi kwamba kutawanyika kulikuwa kinga ya kila balaa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Mvua nayo ikagoma, na njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya ikaua maelfu ya Wagogo. Lakini ulikuwa utaratibu uliopimwa na miaka. Mtu aliyekuja na ramani hakuuona. Aliona watu waliotapakaa porini ovyo.

Karanga za Kongwa

Wazo la kwanza kubwa halikuwa na uhuru wetu ndani yake hata kidogo. Baada ya Vita ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ujumbe wa wataalamu ukaja Tanganyika mwaka 1946, ukazunguka, ukarudi na mpango wa kufyeka ekari zaidi ya milioni 3 kwa ajili ya karanga, nyingi zikiwa Tanganyika, na kazi ikapangiwa maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mwaka wa kwanza peke yake zilitakiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata sehemu ya kumi.

Kilichotokea Kongwa kingekuwa kichekesho kama si gharama yake. Mitambo mingi ilikuwa mabaki ya vita, hata vifaru vilivuliwa mizinga vikageuzwa matrekta. Vichaka vya Ugogo vina mizizi inayokwenda chini na pembeni, na majembe ya mashine yalipinda yakakatika. Mibuyu ndiyo iliyowatoa jasho. Mbuyu mmoja unaweza kumla dereva wa katapila siku nzima, na ukianza kuusukuma, nyuki waliomo kwenye pango lake wanatoka kukuuliza. Ardhi ikilowa inanata, ikikauka inakuwa kama sakafu ya saruji, na karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi. Kwa hiyo hata zilizokomaa ziligoma kung'oka. Mwaka 1951 mradi ukazikwa, na walipa kodi wa Uingereza wakafuta hasara ya paundi milioni 36.

Watu wanaocheka habari hii huwa wanacheka haraka wanasahau kilichobaki. Somo lililochukuliwa na wakubwa lilikuwa kwamba mradi ulikosa utafiti na ulikwenda mbio mno. Lile swali la pili, kwa nini wenyeji waliokaa hapo karne nzima walipanda uwele na kufuga ng'ombe badala ya kufungua mashamba makubwa ya zao moja, halikuulizwa kwa sauti. Imani kwamba shamba lililonyooka na trekta ndiyo sura ya maendeleo ilitoka Kongwa bila kuguswa. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, imani hiyo ilikuwa tayari imeshakaa ofisini ikimsubiri mwenyeji mpya. (Kongwa yenyewe ilipata kazi nyingine nzuri zaidi: kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliweka kambi pale, na sehemu ya ardhi ya karanga ikawa ranchi ya ng'ombe, jambo ambalo Mgogo yeyote angelishauri bure.)

Soko la mawazo

Viongozi wapya wa miaka ile hawakuokota mawazo yao njiani. Kulikuwa na soko, na wote walikwenda kununua humo.

Mwezi Januari 1949 Rais Harry Truman wa Marekani alitangaza kwamba nchi yake itapeleka ujuzi na msaada kwenye sehemu za dunia ambazo hazijaendelea. Tangu hapo dunia ikawa na wanafunzi na walimu. Arthur Lewis, mchumi aliyezaliwa Saint Lucia, aliandika mwaka 1954 kwamba nchi maskini ina watu wengi mno mashambani wanaozalisha kidogo. Wahamishie viwandani, akasema, faida irudishwe kwenye uwekezaji, na uchumi utapaa. Lewis alikwenda kumshauri Kwame Nkrumah kule Ghana, wakashindwana. Mshauri alitaka fedha zihesabiwe, na mwanasiasa alitaka nchi ionekane inakwenda. Nkrumah alipata bwawa lake la Akosombo, likakamilika mwaka 1965, naye akapinduliwa mwaka uliofuata. India chini ya Nehru iliweka uzito kwenye viwanda vya chuma na mashine katika mpango wake wa pili wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1956.

Duka la pili la soko hilo lilifunguliwa na mchumi Raúl Prebisch wa Argentina. Hoja yake iliwauma wengi kwa sababu ilieleweka hata kwa mtu asiye na shahada: bei za mazao tunayouza zina tabia ya kushuka zikilinganishwa na bei za mashine tunazonunua. Mkulima wa katani anaweza kuongeza jasho kila mwaka na trekta likazidi kumkimbia. Hapa Tanzania hatukuhitaji kitabu kulielewa hilo. Bei ya katani ilianguka katikati ya miaka ya 1960, wakati mpango wetu wa kwanza wa miaka mitano ulikuwa umeanza tu.

Hapa ndipo penye fundo la kwanza la kufungua. Wengi wanaamini vijiji vya kupangwa vilizaliwa na Ujamaa. Si kweli. Ujumbe wa Benki ya Dunia uliotoa ripoti yake mwaka 1961 ulisema Tanganyika ina njia mbili: kuboresha kilimo cha watu pale walipo, kwa maofisa ugani na mbegu bora, au kukigeuza kabisa kwa kuwahamishia wakulima kwenye makazi mapya yenye usimamizi na mitambo. Ripoti iliipenda njia ya pili. Mwalimu naye, akihutubia alipoapishwa kuwa Rais mwezi Desemba 1962, alieleza kwamba watu wakitaka kutumia trekta sharti kwanza waishi vijijini, maana hakuna awezaye kumnunulia trekta kila mtu kwenye kichaka chake. Makazi ya majaribio yakajengwa, yakiwa na nyumba na trekta. Walowezi wakajiona waajiriwa wa serikali, madeni yakapanda, na mwaka 1966 serikali ikasimamisha. Kwa hiyo kijiji cha kupangwa kilipendekezwa na Benki ya Dunia, kikajaribiwa, kikashindwa, na yote hayo kabla ya Azimio la Arusha.

Ujamaa tatu

Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, lilitokana na maudhi ya kweli. Mpango wa miaka mitano ulitegemea fedha za nje. Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965 kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako walowezi wazungu walikuwa wamejitangazia uhuru, mkopo wa paundi milioni 7.5 ulizuiwa. Ugomvi mwingine na Ujerumani Magharibi ukaondoka na msaada mwingine. Azimio lilipotamka kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba tunahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, lilikuwa linajibu bili ambayo ilikuwa imefika mezani.

Fundo la pili ni neno Ujamaa. Kuna Ujamaa wa mwaka 1962, wa maandishi ya Mwalimu, ambao ni hoja ya kimaadili: familia ya Kiafrika iligawana, kila mtu alifanya kazi, basi tuitanue familia iwe taifa. Kuna Ujamaa wa Septemba 1967, sera ya vijijini, uliosema wazi kwamba watu washawishiwe na kijiji kianze na wenyewe. Na kuna Ujamaa wa Novemba 1973, Mwalimu alipotangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mtu anayeutetea wa kwanza na mtu anayeulaani wa tatu wanaweza kukesha wakigombana bila kukutana.

Kati ya wa pili na wa tatu kuna jambo lililotokea Songea ambalo mimi naliona ndilo bawaba ya habari yote. Umoja wa vijiji vya Ruvuma, wenye kitovu chake Litowa, ulikuwa umeanzishwa na wakulima wenyewe. Walilima pamoja kwa hiari, wakaendesha shule yao, wakaamua mambo yao vikaoni. Ulikuwa Ujamaa kama ulivyoandikwa. TANU, chama tawala cha wakati huo, iliuvunja mwaka 1969, kwa sababu kijiji kinachojiamulia hakimhitaji ofisa wa mkoa, na ofisa huyo hakupenda kutohitajika. Tangu hapo chama kikawa ndicho mwenye kijiji.

Mwaka uliofuata ikaja zamu yetu. Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971 ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuhamisha watu mkoa mzima, ikitanguliza mbele hoja ya ukame: watu waliotawanyika huwezi kuwapelekea chakula cha msaada, maji wala mwalimu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na siwezi kuibeza. Mwalimu kuja kulala Chamwino na kushika udongo hakukuwa kwa ajili ya picha peke yake. Lakini lori lilipofika kwa babu zetu halikuja na mjadala. Familia ilipakia vinu, mitungi na magunia, na tembe likabomolewa au likaachwa lianguke lenyewe ili mtu asipate pa kurudi.

Sasa tufanye hesabu kidogo, hesabu ya kubuni lakini ya kwetu. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250. Tuseme kila kaya inalima ekari sita na ina ng'ombe kumi. Mashamba peke yake ni ekari 1,500, maana yake wa pembeni anatembea zaidi ya kilomita moja kulifikia shamba lake, hapo ardhi yote iwe nzuri na hakuna jiwe wala korongo. Ng'ombe ni 2,500, wote wanakunywa lambo moja, wanakanyaga njia zilezile kila asubuhi, wanarudi jioni juu ya udongo ambao mvua ya kwanza itauchukua. Kuni zinasogea mbali kila mwaka. Mbolea iliyokuwa ikilala kwenye zizi karibu na shamba sasa inalala kijijini na shamba liko kule. Na mvua ikikosea kijiji, imekosea kaya zote 250 kwa pamoja. Hata mlenda wa porini ambao bibi aliuchuma nyuma ya tembe ukawa wa kutafutwa.

Baada ya amri ya 1973 operesheni zilienea nchi nzima, na watu wakaziita Sogeza. Mwaka ule walikuwa vijijini watu kama milioni 2. Ilipofika 1977 walihesabiwa milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Ni kuhama kwa haraka mno, na kulitokea pamoja na ukame wa 1974 na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi. Watafiti bado wanavutana ni kipi kilichangia zaidi, na mimi sioni sababu ya kuchagua kimoja. Cha kuangalia zaidi ni kwamba kilimo cha pamoja, ambacho ndicho kilikuwa moyo wa wazo, kiliachwa kimyakimya. Vikaitwa vijiji vya maendeleo. Kukaa pamoja kulibaki, kulima pamoja kukaondoka.

Na bado. Bila vijiji hivyo sijui kama mama yangu angesoma. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie shule ya msingi, kisomo cha watu wazima kilikuwa chini ya miti kila mahali, zahanati zikafunguliwa. Bibi alilalamikia kijiji mpaka anakufa, lakini alijifunza kusaini jina lake kwenye darasa la jioni, na karatasi ile aliitunza.

Kujitegemea kwa msaada

Wapinzani wa Ujamaa husahau nani alilipia. Miaka ya 1970 Tanzania ilikuwa kipenzi cha wafadhili. Nchi za Skandinavia zilimwaga fedha, na Benki ya Dunia chini ya Robert McNamara ilikuwa miongoni mwa wakopeshaji wakubwa. Wasweden walisaidia mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa. Mabonde yakajifunika majani, na wenye ng'ombe wakaenda kutafuta pa kukaa. Kwa mara nyingine kitu kizuri na kitu kichungu kilisafiri kwenye gari moja.

Uamuzi wa TANU wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa mtoto wa wazo hilohilo, mji mkuu katikati ya taifa la vijiji. Mpango wake ulichorwa na kampuni ya Toronto mwaka 1976, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikasimamia viwanja kwa miongo minne hadi ilipovunjwa 2017, mwaka mmoja baada ya Rais Magufuli kutangaza kwamba serikali inahama kweli.

Kisha upepo uligeuka duniani kote. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta kupanda tena, akiba ya fedha za kigeni kwisha, sabuni na sukari kwa foleni. Nchi za Afrika zilikutana Lagos mwaka 1980 na kusema njia ni kutegemeana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikatoa ripoti iliyosema kosa ni la serikali za Afrika, zimeshika kila kitu na kuwabana wakulima kwa bei. Ilikuwa kweli kwa sehemu kubwa, ila mwandishi wa ripoti alisahau kuandika kwamba yeye mwenyewe alikuwa mkopeshaji. Mwalimu alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akang'atuka 1985, na Ali Hassan Mwinyi akasaini 1986. Mzee Ruksa, watu wakamwita. Sabuni ikarudi dukani. Ada na kuchangia matibabu navyo vikaja, na watoto wakaanza kukosa shule ambazo wazazi wao walihamishwa ili wazikaribie.

Kuanzia hapo wazo la kukusanya watu lilififia, likaja la kumwachia kila mtu soko lake. Ukilitaka limesimama kwa miguu, nenda Kibaigwa msimu wa mavuno, uone malori ya mahindi. Mji ule haukukuzwa na operesheni. Ulikuzwa na madalali, mizani na barabara ya lami. Mkulima anayefika pale na gunia kumi atakwambia vilevile kwamba bei anaikuta imeshapangwa, na hapo Prebisch anarudi mlangoni.

Mashamba ya vijana ya Chinangali sitaki kuyafananisha na Sogeza, kwa sababu vijana waliomba wenyewe kuingia na wakapewa mafunzo, na maji yanatafutwa kwanza kwa visima. Hilo ni tofauti kubwa, na waliolikumbuka wanastahili sifa. Ila ukiyatazama ukiwa juu ya kilima, mistari imenyooka sana. Ninamwelewa mzee wa huku anayesimama kwanza akatazama.

Mjomba wangu hajaomba kuingia. Yeye ana nyumba ya bati kijijini, kwenye mstari, namba imeandikwa mlangoni. Lakini kila Desemba mvua ya kwanza ikigusa, anabeba mbegu za uwele kwenye kibuyu na kwenda kwa baiskeli hadi mahame, pale lilipokuwa tembe la babu. Zizi la zamani limebaki duara jeusi kwenye udongo mwekundu, samadi ya miaka hamsini iliyopita, na uwele wa pale unampita mtu kimo. Mwaka jana nilimsindikiza. Alichimba shimo kwa kisigino, akatupia mbegu, akafukia, akasogea hatua moja bila kufuata mstari wowote. Kutoka pale bati za kijiji zinaonekana zikimeta.